Usizisugue Sarafu za Guka

Wambui mpendwa,

Huku Gatitu tuko wazima, na mamako amemaliza kupanda viazi. Umeuliza kama uzisugue sarafu alizokuachia guka, babu yako, kabla hujampelekea mtu wa kuzikadiria bei. Acha nikwambie jambo ambalo huwa sisemi.

Baba yangu alikuwa na senti kumi ya zamani, ile yenye tundu katikati. Mama yake alimwekea kwa sababu ilikuwa na mwaka aliozaliwa. Siku moja tukitarajia wageni, niliisugua kwa jivu na mchanga kama sufuria. Iling'aa, lakini mwaka ukafutika.

“Nani ameosha hii?” baba akauliza.

Nilikuwa msichana wa haya. Nikainua mkono kama niko darasani.

Akacheka. “Ati sasa sina umri! Lete karatasi tuuandike huo mwaka kabla sijausahau.” Akaifunga sarafu ndani ya karatasi hiyo.

Basi usisugue hata moja. Shule zikifungwa huko Doldol unakofundisha, uje nazo pamoja na kalamu. Najua guka alizipata wapi, na bado nakumbuka vizuri.

Ni mimi cucu, nyanya yako.