Fall In, Kwenye Foleni ya Posho

Mjukuu wangu Zubeda,

Huku Koboko tuko wazima, na mihogo ya shangazi yako imekauka vizuri. Unauliza kwa nini Waingereza wanasema "fall in" na hakuna anayeanguka. Mimi sikuisoma kitabuni. Tulipokuwa wakimbizi Kongo, watu waligombania posho mpaka dereva aliyeileta akawasha lori aondoke nayo. Babu yako, askari wa zamani, akapaza sauti: "Fall in! Chakula iko ya wote!" Wazee wa jeshi wakajipanga mara moja, wake zao nyuma, hata watoto. Posho ikagawiwa mpaka ikaisha. Akasema, "Fall out," yaani waende zao. Hakuna aliyeondoka. Waliona mfuko wa babu yako mwenyewe hauna kitu, wakaanza kufungua mifuko yao wamgawie.

Bibi yako