Ni Masaa Matatu Tu, Kitinda

Wodi ya wanawake,
Jumatano asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Hujambo? Shemeji hajambo? Na mapacha, wameacha kugombana? Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa kukaa kwenye benchi hili la hospitali. Aliyekuletea barua hii mkaribishe kiti. Ni mwanangu yule yule uliyembeba mgongoni, leo rubani! Hebu itazame ile mistari mitatu begani. Wa nne, wa urubani mkuu, uko njiani, na mtaa mzima nimeshautangazia.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ukisikia neno ndege unakata.

Mama hali yake si nzuri. Uvimbe tumboni umeanza kuziba njia ya chakula, na daktari anataka kumpasua kesho jioni, isizidi hapo. Kilichoharibu ni mdomo wangu. Jana aliniuliza uko wapi, nami kwa kujigamba nikamjibu, "Kitinda? Mjukuu wako anamleta na ndege, ni hapo hapo tu!" Sasa amegoma kutia dole gumba kwenye karatasi ya ruhusa. "Nimwone Kitinda kwanza, ndipo mnipasue." Daktari kasihi, muuguzi kasihi. Kafumba mdomo kama mtoto aliyeona dawa.

Kwa basi ni siku mbili, na hapo ni kama mpakani hawatakusumbua. Hatuna siku mbili, mdogo wangu.

Najua utakalosema. Ulisema ndege gani inatumia masaa manne kuja kwenu na mawili kurudi huku, hiyo ya kurudi lazima inaporomoka! Nilicheka. Nikamuuliza mwanangu. Kumbe ni saa za ukutani tu! Za kwenu zimetangulia zetu kwa saa moja. Anayekuja huko anaipoteza, anayerudi anaiokota. Huko angani ni masaa matatu kwenda, matatu kurudi. Hakuna kuporomoka.

Tiketi imo kwenye bahasha, ya kesho asubuhi. Atakayerusha ndege ndiye huyo aliyekaa sebuleni kwako. Tafuta pasi yako ya kusafiria sasa hivi, usingoje kumaliza vyombo. Ukitaka kulia, lia. Mimi mara ya kwanza nilimng'ang'ania mkono mzee nisiyemjua mpaka tukatua, halafu nyumbani nikasema nililala njia nzima.

Kila mlango wa wodi ukifunguliwa Mama anageuza shingo, akiona si wewe anaurudisha uso ukutani. Nimeshindwa kuendelea kumtazama, ndiyo maana naandikia huku nje.

Msalimie shemeji, mwambie mapacha hawatakufa kwa kula mapishi yake. Mungu akushike mkono kwenye ile ngazi, akukalishe kitini kwa amani.

Usinijibu barua hii. Njoo.

Dada yako akupendaye, anayekungoja.