Mto wa Sufi na Sindano za Vumbi

Mpendwa Baba Zuhura,

Arobaini yako imepita. Juzi mdogo wako alikuja kuchukua nguo zako za kutolewa sadaka, akataka na ule mto wa sufi. Nikamwambia kanzu achukue, koti achukue, mto aniachie. Akaondoka akinung'unika kwamba shemeji siku hizi amekuwa bahili. Mwache. Wakati ule alikuwa mtoto, hajui kwamba mto ule nusura unitoe kwako.

Unakumbuka nilivyoingia kwenu, karibu na Mlandizi? Kijiji cha ujamaa kilikuwa kipya, nyumba zimepangwa mstari na udongo wa kukandikia haujakauka vizuri. Mama yako, Mungu amrehemu, alitushonea godoro na mito miwili, akaijaza sufi ya msufi wake mwenyewe. Mimi kwetu Kisarawe nilizoea mkeka, basi nikajiona malkia. Wiki haikuisha. Kila alfajiri nikawa naamka na chafya mfululizo, macho mekundu, kifua kinapiga filimbi. Wenzangu wanapalilia mihogo kwenye shamba la kijiji, mimi nimekaa juu ya tuta natafuta pumzi. Ikasemwa bibi harusi anakwepa jembe.

Nikienda kwetu kupumzika, siku mbili tatu nakuwa mzima. Nikirudi kwako, naanza upya. Wazee wakaona hapana, hawa nyota zao hazipatani. Mtu wa falaki akapiga hesabu zake, akasema wewe moto, mimi maji, na tukiendelea kuishi pamoja mmoja wetu atazikwa. Baba yangu akafunga safari kutoka Kisarawe kuja kunichukua. Kanga zangu zilikuwa tayari kwenye furushi.

Mama yako alisema kwa upole, maana alinipenda, "Mwanangu, hapa hakuna mwenye kosa. Nyota imekataa."

"Mama," ukamjibu, "nyota haimpigishi mtu chafya."

Kisha ukamgeukia baba yangu. "Mzee wangu, naomba nimpeleke hospitali kwanza. Wakishindwa, nitamleta Kisarawe mwenyewe, na talaka yake nitaitoa." Kulisikia neno lile kinywani mwako nikalia mbele ya wakwe bila haya. Baba akakubali kungoja mpaka mvua za vuli.

Pale Kibaha daktari hakuuliza habari za nyota. Aliuliza tunalalia nini. Akanidondoshea matone ya dawa mkononi, akayatoboa moja moja kwa ncha ya sindano mpaka kwenye ngozi, tukangoja. Tone moja likavimba na kuwasha kama nimeumwa na mbu. Ni vumbi la kwenye magodoro, akasema, lina vijidudu visivyoonekana kwa macho, na mwili wangu ulikuwa unapigana navyo. Akauita mzio. Godoro na mito vitoke ndani, na mimi nidungwe sindano yenye vumbi lilelile, kidogo sana kwanza, kila wiki akiongeza kidogo, mpaka mwili uzoee. Akatuonya kwamba si kazi ya siku moja, ni ya miaka.

Mama yako aliposikia akashika kiuno. "Anaumwa vumbi, nao wanamdunga vumbi?" Akafikiri. "Haya. Dawa ya moto ni moto." Akalihamishia godoro nyumbani kwake pamoja na mito.

Ungeweza kwenda kulilalia huko, maana wewe ulikuwa mzima. Ulisema mgongo wako unapenda mkeka. Mwongo mkubwa wewe, nilikuona ukijinyoosha kila asubuhi.

Kila wiki tukadandia lori la kijiji hadi Kibaha. Wewe, mgambo uliyekuwa ukitembea kwa kishindo na bunduki ya mti, ukiiona sindano unageukia ukutani. Nikishadungwa tulitakiwa tukae nusu saa kwenye benchi, muuguzi aone kama mwili umeikubali dawa. Siku moja haukuikubali: mkono ulivimba, koo likabana, wakanidunga nyingine haraka ya kunituliza. Ulinishika miguu, hukujua ushike wapi. Wiki iliyofuata daktari akapunguza dawa, tukaendelea.

Kwenye benchi lile ndipo nilipokujua. Tulioana hatujawahi kuzungumza hata robo saa. Pale ukanisimulia utoto wako mtoni Ruvu, nikakusimulia wangu, tukala karanga, tukachekana. Ndoa tulifungiwa Kisarawe, lakini kuzoeana tulizoeana Kibaha.

Vuli ilipoanza, baba yangu alikuja kama tulivyokubaliana. Akanikuta shambani, jembe mkononi.

"Furushi lako liko wapi?"

"Nimelifungua, baba."

Akanitazama nikilima mpaka mwisho wa tuta, kisha akaenda kumwamkia mkwe mwenzake.

Sikupona kabisa, hata leo nikifagia darini napiga chafya. Lakini zile sindano, wiki kwa wiki na baadaye mwezi kwa mwezi, zilinirudishia kifua changu. Zilipokwisha, mama yako alileta mto mmoja kwanza, wa kujaribia. Nikaulalia, nikaamka kimya. Ukafurahi kuliko mimi. Na binti yetu alipozaliwa ukamwita Zuhura, jina la nyota, kuwakomesha wazee.

Zuhura sasa anataka nihamie kwake Misugusugu. Ameninunulia godoro la sponji. Nitakwenda, lakini mto nitaubeba mwenyewe kwapani.

Nakukumbuka sana, mume wangu. Kutokuwepo kwako nako najaribu kukuzoea kidogo kidogo, na sijaweza. Alfajiri naukumbatia mto wako, naweka uso, navuta pumzi. Kifua hakibani. Harufu yako inaingia yote.

Lala salama, uliyekataa kunirudisha kwetu.

Mkeo,
Mama Zuhura