Vikopo Themanini vya Ilinca

Jumanne, 1 Agosti

Mfungo wa Bikira Maria, wetu sisi Waorthodoksi, umeanza. Wiki mbili bila nyama, bila maziwa, bila mayai. Gavril, mume wangu, ameitazama sahani yake akasema, "Mama Ilinca, maharage haya si ndiyo yale ya mwaka jana?" Nikamwambia maharage hayana mwaka, ale.

Habari kubwa ni ya binti yangu. Duka la Madamu Bianca kule jijini Cluj limeagiza vikopo themanini vya marhamu ya Ilinca. Themanini! Ni vya maonyesho ya wazalishaji wadogo, Jumamosi ya tarehe kumi na mbili. Madamu huyo hauzi kitu cha kiwandani. Jibini, asali, siki ya tufaha, sabuni – vyote vya watu anaowafahamu, vyote vina jina la aliyevitengeneza. Sasa na jina la Ilinca limo.

Nimemwambia Firuța, jirani yangu, kabla hajafika getini. Halafu mke wa padre. Halafu kijana wa umeme aliyekuja kusoma mita, akasoma mara mbili kwa kuchanganyikiwa.

Watu walisema mengi Ilinca alipoacha kazi benki akarudi hapa kuchuma maua. Nawakumbuka waliosema, mmoja mmoja. Cheti chake cha kilimo hai kiko ukutani, chini kidogo ya picha ya Bikira Maria. Mimi nilitaka viwe sawa, Gavril akakataa.

Niliishia darasa la nane. Binti yangu anaandika lebo, na watu wa jiji wanasimama dukani kuzisoma.

Alhamisi, 3 Agosti

Ilinca amekwenda Brașov, mafunzo ya siku tatu kwa wenye vyeti. Kazi kaniachia mimi.

Maua ya galbenele, haya ya rangi ya chungwa yaliyojaa nyuma ya nyumba, yamelala kwenye mafuta ya alizeti siku arobaini, dirishani penye jua. Yako tayari. Nichuje, nipashe moto taratibu, niyeyushie nta ya nyuki, nijaze vikopo. Kaniandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa, utadhani mimi kipofu. *Mama, usiongeze kitu. Mafuta, maua, nta. Basi.*

Nikasema nilikuwa natengeneza marhamu kabla yeye hajazaliwa. Akasema ndiyo maana ameandika.

Ulimi huo kaurithi kwangu. Hakuna pa kwenda kushtaki.

Ijumaa, 4 Agosti

Joto. Nyuzi thelathini na sita kivulini, kuku wamelala chini ya mkokoteni midomo wazi.

Nimefuata karatasi neno kwa neno. Sufuria ya kwanza imetoka uji. Nimeishusha ghalani chini penye baridi – uji. Nimeongeza nta yote iliyobaki – uji mzito. Ukikiinamisha kikopo, marhamu inatembea. Zile alizotengeneza Machi zilishika vizuri, lakini Machi kulikuwa na theluji.

Sasa. Mama yangu hakuwa mtu wa nta. Yeye alikaanga maua kwenye mafuta ya nguruwe, akayaacha yalale mpaka asubuhi, akapasha tena, akachuja kwa kitambaa cha kitani. Marhamu ikasimama kama siagi. Ndiyo iliyoponya visigino vya kijiji hiki, na matiti ya kila mama anayenyonyesha, mimi nikiwa mmojawapo. Ilinca mwenyewe alipakwa hiyo hiyo matakoni kabla hajajua kusema "asilia".

Na mafuta ninayo. Ndoo mbili, ya nguruwe wetu wa Desemba, tuliyemchinja kwa Krismasi. Alikula mahindi yetu na viazi vyetu, hakuona hata kiganja kimoja cha chakula cha dukani. Kama si asilia huyo, basi asilia ni nani?

Nimewasha jiko. Nusu mafuta ya Ilinca, nusu ya nguruwe, maua mapya juu yake.

Firuța akasimama getini, pua juu. "Saveta, unakaanga nini siku za mfungo? Tena Ijumaa?"

"Dawa."

"Dawa inanuka Krismasi."

"Ya ngozi hiyo, si ya mdomo. Mungu hakagui visigino."

"Haya, jirani. Mimi sijasema kitu." Akaondoka kwenda kusema.

Jumamosi, 5 Agosti

Themanini. Vyote vimesimama. Nimebandika lebo mwenyewe, hakuna iliyokaa upande. Gavril kaja kutazama, kanusa, kanitazama. "Karatasi ilisema nguruwe?" Nimempa kazi ya kupanga vikopo kwenye maboksi.

Jumapili, 6 Agosti

Leo ni sikukuu, samaki anaruhusiwa. Ilinca karudi tukiwa mezani. Kabla ya kuvua viatu kafungua kikopo, kachovya kidole, kakisugua nyuma ya kiganja. Kakiinamisha kikopo.

"Mama, imeshikaje hivi na joto hili?"

"Mikono," nikasema.

Kanikumbatia kwa nyuma, kidevu begani kwangu, kama alivyokuwa akifanya zamani. Gavril akawa anatoa miiba kwenye samaki aliyekwisha kutolewa miiba.

Nilitaka kumwambia. Lakini hakuuliza kilichomo. Aliuliza imeshikaje.

Jumatano, 9 Agosti

Madamu Bianca kaja mwenyewe na gari kuchukua maboksi. Mwanamke mwembamba, nywele fupi kama mvulana, anazungumza haraka. Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani, kwa bahati.

Kafungua kikopo kimoja. Kajipaka mikononi. "Ilinca, hii si ile ya Machi. Hii ni nyingine kabisa." Kanusa. "Imekuwa laini. Umefanya nini?"

"Mama ndiye aliyefanya," Ilinca akasema. Akasema hivyo, mbele ya mgeni.

Nikaeleza maua yanachumwa umande ukishakauka, si kabla. Nikaeleza kitambaa cha kitani. Nikaeleza mengi. Madamu akacheka, akachovya tena, safari hii akajipaka midomoni, akailamba.

"Midomo yangu imepasuka," akasema. "Tangu mfungo uanze nakula supu ya mboga tu. Mwaka huu nimejiwekea nadhiri, hakiingii kinywani kitu cha mnyama."

Gavril akapata kikohozi, akaenda kuangalia kuku.

Ikabidi nisome lebo. *Mafuta ya alizeti, maua ya galbenele, nta ya nyuki. Kwa mikono, visigino na midomo.* Nilibandika themanini na kila mara nilikuwa nasoma jina tu.

Madamu anataka vingine mia tatu, viwe hivi hivi. Na Jumamosi kwenye maonyesho nije na mimi, kuna kipaza sauti, kila mzalishaji atasema maneno machache juu ya kitu chake. "Watu wanapenda kumwona mwenye mikono, mama." Gari likaondoka na maboksi yote.

Firuța alikuwa ukutani kwake muda wote huo. "Shoga, na nguruwe naye amealikwa?"

Nikaingia ndani. Nilikuwa na vyombo vya kuosha.

Alhamisi, 10 Agosti

Ilinca ameanza vile mia tatu. Sufuria mbili leo. Uji.

Ijumaa, 11 Agosti

Sufuria ya tatu, ya nne, ya tano. Kanunua nta mpya kwa mfuga nyuki wa bonde la pili. Uji. Kaninyoosha mikono yangu juu ya meza akaitazama, kiganja na nyuma yake, kama mtu anayesoma.

"Nionyeshe unavyokoroga."

Nikamwonyesha. Akakoroga vile vile. Ya sita ikatembea kwenye kikopo kama zile nyingine.

Akazima jiko. Akakaa kwenye kiti cha baba yake. Hakulia, na afadhali angelia. Akasema taratibu kwamba labda kusoma vitabu na kuwa na cheti ni kitu kimoja, na mkono ni kitu kingine, na yeye mkono hana. Kwamba kesho amwambie Madamu Bianca aandike jina langu badala ya lake. Kwamba pale benki msimamizi wake wa zamani alimwambia nafasi bado ipo, akiamua.

Miaka mitatu nimemsifu mtoto huyu kwa kila aliyepita njiani. Na mimi ndiye nimemkalisha kwenye kiti hicho.

Nikasema: "Ni mafuta ya nguruwe."

"Yapi?"

"Ya Desemba. Nusu kwa nusu. Huna kosa lolote. Mkono unao, kuliko wangu."

Nikaendelea, maana nikinyamaza ni vibaya zaidi: kwamba bibi yake alifanya hivyo, kwamba nguruwe alikuwa msafi, kwamba nilidhani ni ya visigino. Akanyanyua mkono kidogo tu, nikanyamaza.

"Bianca alilamba, Mama."

"Nilimwona."

Akapiga simu Cluj. Haipokewi. Wanapanga meza za kesho, akasema. Akapiga tena. Halafu akachukua kikapu akaenda kuchuma maua, saa nzima, na jua lile, na maua hatuyahitaji.

Gavril ananiuliza kama nitakwenda kesho. Nimemwambia gauni nimeshapiga pasi.

Jumamosi, 12 Agosti

Naandika nimekaa kwenye boksi nyuma ya meza ya Ilinca, Cluj. Daftari lilikuwa kwenye mkoba. Mikono inataka kitu cha kushika.

Tumefika saa tatu na nusu. Njiani hatukusema kitu, isipokuwa kwamba breki za gari la baba yake zinahitaji kutazamwa. Walikuwa wamefungua tangu saa mbili. Vikopo kumi na vinne vimeshauzwa.

Ilinca kamvuta Madamu Bianca pembeni. Niliona midomo ya madamu ikikaza. Akaenda nyuma ya meza ya jibini, akakaa huko dakika kadhaa, akarudi amenawa uso. Kwangu hakutazama. Akamwambia Ilinca, sauti ya chini lakini mimi masikio ninayo: viondolewe vilivyobaki, viingie kwenye gari, basi. Kumi na vinne vimekwenda, nani atajua? Wakisikia watu, si marhamu yako tu, ni duka langu, ni wote hawa walioko hapa. Watasema kilimo hai ni uongo kama walivyokuwa wakisema.

"Jina lililo kwenye kikopo ni langu," Ilinca akasema. "Mtu aliyenunua kwa sababu ya jina, nimwache aende nalo hivyo?"

Sauti haikupanda. Nilitaka kumshika mtu yeyote mkono nimwambie, yule ni wangu. Hakukuwa na wa kumwambia.

Madamu akasugua paji la uso. Akasema kipaza sauti kipo, watangaze wenyewe, wenye vikopo wavirudishe, yeye hatasimama pale.

Ilinca akaniambia nikae, atasema yeye. Nikamwambia hapana. Jina lake, lakini nguruwe wangu. Akanitazama kama anapima kitu kwenye mizani. Halafu akanitengeneza kola.

Mbele yetu kuna mzee wa asali. Amepanda jukwaani anaeleza nyuki wake, mzinga kwa mzinga, na babu aliyemwachia, na majira ya baridi ya mwaka fulani. Watu wamejaa, wengine wameketi kwenye nyasi na watoto. Kwenye mstari wa tatu kuna mama kijana, mtoto kifuani, kikopo chetu kimetokeza kwenye mfuko wake.

Kila mara mimi ndiye ninayeongea mpaka watu wanachoka. Leo namwombea mzee huyu maneno. Aongee. Amalize mizinga yote, aanze na ya jirani.

Ilinca kasimama. Kanishika kiwiko.

Mzee amesema "na la mwisho" kwa mara ya pili. Makofi yameanza upande wa kulia. Nafunga daftari, ni zamu yetu.