Mbolea ya Baba

Mwanza, 9 Juni 1995

Baba yangu Joakim,

Shikamoo baba. Mimi na wajukuu zako tu wazima, shida yetu ni kifua chako tu. Mpe mayu, mama yangu mpenzi, shikamoo yangu.

Baba, nimechoka. Umemeza dawa za TB mpaka zikaisha, na bado unakohoa damu na suruali inakuvuka. Makohozi yako tumeyapima tena na tena hapa hospitali, TB haionekani. Daktari Kasmiri, yule wa kifua ninayefanya naye kazi wodini, ameiangalia picha ya mapafu yako akasema huenda ni fangasi. Wapo fangasi wanaoingia mapafuni kwa vumbi, wanatoboa matundu kama TB, na dawa za TB haziwagusi. Ni ugonjwa wa nadra, mtu hautafuti bila sababu. Ndiyo maana alikuuliza kama unaingia mahali penye popo. Nawe ukamkazia macho, ukasema hujui popo wanafananaje!

Sasa nakuuliza mimi. Ile mbolea nyeusi unayowauzia wenye bustani za nyanya, unaitoa wapi?

Mwanao,
Felisita


Ngulyati, 22 Juni 1995

Ng'wanone Felisita,

Wangaluka. Sisi tupo. Pamba tunachuma. Mwaka huu wamekuja wanunuzi wa binafsi wawili, kila mmoja na mizani yake, kila mmoja anasema mwenzake ni mwizi. Mimi nawaamini wote wawili.

Kifua kinaendelea hivyo hivyo. Kuhusu mbolea, hayo ni mambo ya kazi. Tangu ruzuku iondolewe, mbolea ya dukani tunaiangalia kwa macho tu. Mimi nimetafuta riziki kwa akili yangu. Huyu jirani yetu Jilala ananifuata mpaka chooni ajue ninakoitoa, halafu wewe unataka niiandike kwenye barua inayobebwa na kondakta? Tena hospitali gani inamuuliza mgonjwa habari za samadi? Mwambie daktari wako atibu kifua, shamba aniachie.

Mama yako anakusalimu. Amekutumia karanga.

Ni mimi baba yako,
Joakim Maganga


Mwanza, 3 Julai 1995

Baba,

Shikamoo. Karanga nimezipata, mwambie mayu ahsante. Jibu sijalipata.

Hivi unaona ni mchezo? Sikiliza nikueleze tena, polepole. Fangasi hawaonekani kwenye kipimo cha TB. Inabidi makohozi yaoteshwe kwa namna yao, yasubiriwe wiki nyingi, na maabara haianzi kazi hiyo mpaka daktari aandike anatafuta nini na kwa nini. Hiyo "kwa nini" unaijua wewe! Na dawa yenyewe ni kali, inaweza kuharibu ini, hakuna daktari mwenye akili atakayekupa kwa kubahatisha.

Unamficha Jilala? Haya, mfiche. Jilala atakuzika, baba, na akitoka matangani ataenda kuichukua hiyo mbolea bila kukimbizana na mtu.

Niandikie.

Felisita wako


Ngulyati, 19 Agosti 1995

Ng'wanone,

Habari za huko. Hapa si nzuri. Naandika nimeegemea ukuta, maana nikilala chali nabanwa. Jana nimetoa damu nyingi, mama yako akasema nisipoandika ataandika yeye, na unajua akianza haachi.

Haya. Ni pango. Liko kwenye yale mawe nyuma ya malisho ya babu yako. Popo wamejaa, na chini ni mavi yao makavu tangu enzi na enzi. Naingia kwa kutambaa, nafagia, nachekecha humo humo ndani nisionekane, nikitoka napenga makamasi meusi. Umefurahi?

Mwambie daktari peke yake. Mwapishe kabisa.

Baba yako


Mwanza, 20 Oktoba 1995

Baba,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama nyumbani baada ya kulazwa hapa wodini kwetu na kuacha makohozi ya kuoteshwa. Majibu yamekuja: fangasi wameota, ndio hao hao wa mavi ya popo. Daktari Kasmiri alitembea nayo hospitali nzima kama mtu aliyepata mtoto wa kiume.

Vidonge nilivyokununulia anavyo kondakta pamoja na barua hii; meza kila siku na chakula, mpaka daktari aseme basi. Ukipata nafuu usiache. Pombe hapana, hata ya arusi, hata ya kuonja. Macho yakigeuka manjano, panda gari siku hiyo hiyo.

Jambo jingine, ukasirike ukitaka. Nimemwandikia bwana afya wa huko. Siwezi kunyamazia pango linaloua watu kwa sababu ya nyanya.

Felisita


Ngulyati, 11 Februari 1996

Ng'wanone Felisita,

Wangaluka. Damu imekoma, nakula ugali nausikia utamu, na vidonge nameza. Wabeja, asante sana, mwanangu. Kukasirika nilikasirika, nikaacha kukuandikia, lakini sasa nakuhitaji.

Bwana afya wako alikuja mkutanoni, akatangaza tusiingie pango la nyuma ya malisho ya Maganga, lina mbolea ya popo na lina ugonjwa. Watu wakasikia mbolea. Kesho yake kulikuwa na mikokoteni ya ng'ombe mpaka njiani!

Nimeziba mlango kwa miiba, wameitoa. Nimekaa pale na fimbo, nimewaeleza habari za fangasi, za matundu, za damu, mpaka sauti imenikauka. Wanacheka. Wanasema mzee analinda mali yake. Nimewaonyesha vidonge, wakasema ni vya kichwa. Jilala ndiye mbaya kuliko wote. Jana kaja na mkewe na binti zao, wote na mafagio. Kanisimamisha mbele ya watu, kanizungusha kama fahali wa mnadani, akasema: "Mtazameni Joakim. Miaka yote kashinda humu, na alivyonenepa!" Wakaingia.

Ningekufa wangeniamini, Felisita. Kupona kwangu ndiko kunakowaingiza.

Omba ruhusa kazini uje. Njoo na ile picha ya mapafu yangu tuishike juani waone matundu, na usivue gauni la unesi. Njoo wiki hii. Mimi nimechoka kubishana na watu wasiosikia.

Baba yako,
Joakim