Injini Yangu, Bodi Yake

Jumanne, 14 Januari

Viazi vimeiva kupita kiasi, katlesi zimekataa kushikana. Nimeongeza chenga za mkate, nimekaanga hivyo hivyo. Wateja wangu wa Darajani hawana neno, mradi pilipili iwepo.

Sinia ya kachori nimeiweka juu ya injini, kama kawaida. Ndipo penye upepo wa mlango.

Alasiri kaja mgeni. Fundi Haji, ana gereji Mwanakwerekwe, kazi yake kufufua magari ya zamani. Nimemkaribisha, nimempa chai. Kikombe hakijafika mdomoni, keshainua sinia yangu, kafunua kitambaa. "Bi Mkubwa, skrepa hii unauza?"

Skrepa! Injini ya Landrova ya jeshi. Baba alikuwa dereva wa kambi, aliendesha gari hilo mpaka jeshi likalichoka, kisha akalinunua mwenyewe mnadani. Nimesema siuzi. Kataja bei. Siuzi. Kapandisha. Nimemwondolea kikombe mbele yake.

Ijumaa, 17 Januari

Haji karudi. Safari hii na halua, na adabu. Shikamoo imemtoka kabla ya viatu.

Kumbe bodi ya gari kaiona. Iliko ndiko alikoanzia: Makunduchi, uani kwa mdogo wangu Makame. Aliambiwa injini iko mjini kwa dada mtu, hakuelezwa zaidi. Akauliza ilikuwaje gari moja likakaa nyumba mbili. Nimemweleza. Hii si siri, mtaa mzima unajua na unacheka.

Baba alipofariki, mirathi ikapigwa hesabu. Mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Nyumba alipewa Makame, minazi nikapewa mimi. Gari likawa shida. Hakuna kati yetu aliyekuwa na pesa za kumlipa mwenzake, na kuliuza nje hakuna aliyetaka. Ubishi ukawa mkubwa. Nikasema mbele ya wazee, kwa hasira: basi nipeni fungu langu niende nalo! Makame, mtoto wa baba mmoja na mimi, kalichukua neno kama lilivyo. Siku ya pili pikapu ya kukodi ikafika Darajani na injini mgongoni. Mahamali wanne wakaifunga kwenye miti, wakapita nayo vichochoroni mpaka ukumbini kwangu. Bodi na magurudumu vikabaki kwake. Mawili kwa moja. Hesabu imetimia.

Haji kacheka mpaka halua ikamkwama. Mimi sikucheka.

Jumatano, 22 Januari

Haji tena. Huyu mtu hana kazi? Kaja na spana kubwa, kaomba aijaribu tu injini, haondoki nayo. Kasema ya umri huu lazima iwe imeganda. Katia spana, kavuta. Ikazunguka laini. Kanitazama.

Kila mwezi natia mafuta kidogo kwenye matundu ya plagi na kuizungusha, vile baba alivyotufundisha. Sikumwambia. Nimemwambia labda ni panya.

Jumatano, 29 Januari

Haji kaenda Makunduchi, karudi mikono mitupu. Makame naye hauzi. Kasema: "Muulize dada kwanza." Mimi nikamwambia Haji akamuulize Makame kwanza. Haji kasema sisi watu wawili tutamzeesha.

Kaniuliza kwa nini simpigii simu ndugu yangu. Swali la kitoto. Mimi ndiye mkubwa. Shikamoo inatoka kwake kuja kwangu, na miaka yote hii hajaitoa. Misibani anaujua ujanja wake. Anafika mlangoni, anapiga salamu ya jumla kwa wote, haraka anakwenda upande wa wanaume. Hapo hajanisalimia mimi, wala huwezi kusema hajanisalimia.

Nina hasira naye. Sana. Sioni haya kuandika.

Jumanne, 4 Februari

Habari mbaya. Haji kaja hata chai hakutaka.

Kuna hoteli Kendwa inataka bodi ya Makame. Bodi tupu. Injini hawana haja nayo, gari lenyewe haliendi popote. Watalikita mchangani wapande maua ndani, pembeni watoe kaunta ya kuuzia juisi. Mtu wa hoteli kafika gerejini kwa Haji kuulizia rangi. Anataka waridi. Landrova ya jeshi, rangi ya waridi! Kasema mzee wa Makunduchi hajakataa. Kamwambia arudi Jumapili achukue jibu.

Hajakataa. Haji alipomwendea kwa heshima zote, siuzi. Huyu wa maua, njoo Jumapili.

Nimeunguza bajia sufuria nzima.

Alhamisi, 6 Februari

Sikukaanga kitu leo. Mlango nimeufunga. Majirani wanagonga wakidhani naumwa. Naumwa kweli, naumwa na Makame.

Jumamosi, 8 Februari

Nimekaa ukumbini na lile dude nikajiuliza nalitakia nini. Siwezi kuliendesha. Linachafua sakafu. Wageni wanajigonga magoti. Kila aliyekuja kulitaka nimemfukuza, na Haji si wa kwanza.

Basi niseme ukweli, hapa hakuna anayenisikia. Mama zetu mbalimbali, na wote hawapo. Baba hayupo. Nyumba aliyopewa Makame si yangu, minazi niliyopewa mimi si yake. Kitu pekee ambacho bado ni chetu sote wawili ni gari hili, na haliendi bila ya sisi kukutana. Nikiuza fungu langu, Makame hana tena sababu ya kunitafuta. Naye akiuza lake, ndiyo kaniambia hataki kunitafuta.

Naogopa kesho. Nitakwenda. Nimempigia Haji, kasema atanipitia na pikapu yake. Buibui jipya nimelipiga pasi. Kama ni kugombana, nigombane nikiwa nadhifu.

Jumapili, 9 Februari

Nimechoka lakini haya lazima niyaandike leo.

Jozani kima punju wamekaa katikati ya barabara, familia nzima, hawana haraka. Haji kasimamisha gari kuwastahi. Nimeteremsha kioo nikawafokea. Haji kasema hajapata kuona mtu akigombana na kima. Nilikuwa na hasira, sikuwa na pa kuitolea.

Tumefika. Bodi niliiona kabla ya kumuona mwenye nyumba. Kutu juu mpaka chini. Kuku wamelalia viti. Mpapai umetoboa sakafu na kutokea dirishani, tena una mapapai. Gari la baba! Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu.

Yule wa hoteli alikuwa keshafika, kakaa barazani na soda yake. Makame katoka ndani. Kazeeka. Ndevu zote nyeupe. Tumesimama, yeye kwenye kizingiti, mimi uani, Haji nyuma yangu anakohoa bila ya kikohozi. Nisingeweza kuanza mimi. Nisingeweza.

Mtu wa hoteli kauliza: "Mzee, tunamalizana?"

Makame hakumtazama. Kanitazama mimi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Ilitoka yenyewe, kabla sijaamua kama nataka kuitoa.

Ndipo akamgeukia mgeni. "Mwenye gari kafika. Muulize yeye."

Nimesema haliuzwi. Kwa sauti kubwa kuliko haja. Mtu wa Kendwa kamaliza soda, kaaga kwa adabu, kaondoka. Kijana mwema, sina ugomvi naye. Waridi tu ndiyo sikumsamehe.

Tumekaa. Wifi kaleta muhogo na pweza wa nazi. Nikamuuliza Makame, ulikuwa unauza kweli? Kacheka kichini chini, vile alivyokuwa akicheka mdogo akiiba sukari. Hakuwa na nia ya kuuza hata siku moja. Yeye ndiye aliyempeleka mtu wa hoteli gerejini kwa Haji akaulizie rangi. "Huyu Haji mdomo wake haufungi," kasema. "Nkajua habari itafika kwako, na nkajua utakuja kunitukana."

Nikamwambia angeweza kupiga simu kama binadamu wengine.

"Nshaishika simu mara nyingi, dada. Nkipiga nseme nini?"

Nimemwekea kipande kikubwa cha pweza kwenye sahani yake. Haji naye kakasirika kuwa katumiwa, kisha kaomba muhogo zaidi.

Jumatatu, 10 Februari

Tulivyokubaliana, nisije nikasahau. Hauzi mtu. Gari ni letu sote wawili, injini itarudi ndani yake. Haji ataliunda, litakaa gerejini kwake, atalikodisha kwa maharusi mpaka jasho lake lirudi, na baada ya hapo atapata sehemu yake. Alinuna. Alitaka liwe lake. Kisha kaingia ndani akafukuza kuku, akashika stelingi. Katoka kasema sawa.

Mpapai Makame kaomba usubiri mpaka mapapai yaive. Nimekataa. Ukatwe.

Jumapili, 16 Februari

Mahamali wamekuja kuichukua injini. Safari hii wamehitajika sita. Wakubwa wa mwili, lakini wamelalamika kuliko wale wanne wa zamani. Wamekwaruza ukuta wa jirani kwenye kona, nimeomba radhi kwa sinia ya kachori.

Ukumbi umekuwa mkubwa. Doa jeusi limebaki sakafuni, limegoma sabuni na limegoma majivu. Nimekaa nikalitazama nikaanza kuwaza mabaya. Sasa kila kitu kiko nje ya mkono wangu. Injini haipo, bodi haipo. Makame kishapata alichotaka. Nimempa mwenyewe, kwa ajili ya shikamoo moja na pweza.

Alhamisi, 27 Februari

Makame anapiga simu. Nakiri. Anapiga karibu kila siku. Radieta imepatikana. Mlango wa kushoto hauna dawa, utaundwa mpya. Anauliza: nakumbuka taa za nyuma zilikuwa za duara au za pembe? Duara. Haya, dada, asante. Anakata.

Gari, gari, gari. Nafurahi kisha sifurahi. Gari likipona tutazungumza nini?

Alhamisi, 10 Aprili

Nimekwenda gerejini baada ya mapishi. Makame alikuwepo. Wameitia injini, wameiwasha. Ikakohoa, ikatoa moshi wa kuudhi mtaa mzima wa Mwanakwerekwe, ikazima. Haji kasema karabureta. Makame kasema mafuta. Mimi nimesema nyinyi wawili mnaongea sana. Rangi tumechagua bila ya kugombana, kijani kile kile cha jeshi. Haji kaona ajabu.

Jumamosi, 17 Mei

Limewaka! Limewaka na halikuzima.

Haji kashika usukani. Mimi mbele kwa haki ya ukubwa, Makame nyuma kwenye benchi, kama askari anayepelekwa lindo. Tumezunguka mpaka Fuoni na kurudi. Linaruka kila penye shimo, kiuno changu hakipo tena. Watu wanatoka madukani kutazama. Bibi mmoja kapiga kigelegele bila ya kujua anampigia nani. Makame alikuwa akipiga kelele nyuma yangu kitu ambacho sikukisikia kwa ngurumo. Nilipogeuka, machozi yanamtoka na anacheka. Nikageuka mbele haraka. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Jumamosi ijayo Haji ana harusi ya kwanza. Kazi ya gari imekwisha. Limepona, halina tena cha kuulizia.

Jumanne, 20 Mei

Simu kimya tangu Jumamosi. Nilijua.

Jumatano, 28 Mei

Mvua tangu asubuhi. Katlesi chache, wateja wachache. Sinia nimeiweka juu ya kiti cha plastiki, haikai sawa, kachori mbili zimeanguka. Jirani kapita kachukua bajia kwa mkopo na habari za mjini bure.

Baada ya alasiri simu imelia. Makame. Nimefuta mkono nikijiandaa kusikia breki au taa.

Kanipa shikamoo, kauliza leo nimepika nini. Nimemwambia. Kauliza goti langu na baridi hii. Kasema Makunduchi pweza ni wengi wiki hii, kesho atampa mtu aniletee, niwachemshe bila ya kuwapigapiga, maana mkewe keshawapiga. Nimemwambia mimi napika pweza tangu yeye hajui kuvaa kandambili. Kacheka. Tukaendelea, mambo madogo madogo, mpaka chai yangu ikapoa na mvua ikakatika.

Gari hakulitaja hata mara moja.