Baragumu la Alhamisi

Boise, Idaho
12 Oktoba 2024

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Mimi binti yako ni mzima, ila baridi ya huku imeanza kubisha hodi. Magoti ya Mama yanaendeleaje na hizo mvua za vuli? Na kifua chako? Mwambie mdogo wangu Careen asante kwa kuzipiga picha barua zako na kupanda hadi mwamba wa kanisani kutafuta mtandao. Wenzangu chuoni wanashangaa: baba ana simu nzuri na bado anaandika kwa kalamu. Nawaambia baba yangu haamini neno lisilo na wino.

Careen kaniambia watu wakikuuliza ninasoma nini, unawajibu "mambo makubwa" na kubadilisha mazungumzo. Basi uwaambie hivi. Mji huu una jamii mbili za watu waliohamia. Wa kwanza ni Wabaski, watu wa milima iliyo kati ya Hispania na Ufaransa. Walianza kuja zaidi ya miaka mia moja iliyopita, vijana wengi wao, wakachunga kondoo porini peke yao miezi na miezi. Leo wana mtaa wao, migahawa yao, watoto wao wanasoma lugha yao, na mjini wanaheshimika. Wa pili ni Wairaki. Wamekuja miaka hii ya karibuni wakikimbia vita. Wengi walikuwa walimu, madaktari, wahandisi. Leo wanatandika vitanda vya hoteli na kuendesha teksi.

Kazi yangu ni kulinganisha: kwa nini hawa wamepanda na wale wamekwama? Profesa anataka sura ya kwanza kabla ya Krismasi. Mimi jibu ninalo tayari, na nimelipata nyumbani. Ni msaragambo, Baba, ile kazi yetu ya pamoja. Wabaski walikuwa na nyumba zao za kupokea wageni, wakitafutiana kazi na kujengana. Wairaki sioni kama wanafanya hivyo. Unasemaje?

Mwanao,
Asteria

*

Kitongoji cha Mkweme, Same
3 Novemba 2024

Mwanangu Asteria,

Marahaba sana. Sisi hapa Mungu anatutunza. Magoti ya mama yako yanalalamika kuliko yeye mwenyewe. Kifua changu kinakohoa kidogo asubuhi, halafu kinanyamaza kama mtu aliyeona hasikilizwi. Maharage yamechanua, tangawizi imeota vizuri.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, mbele ya Mzee Zephania, ili aache kusema kwamba binti wa Aminieli alikwenda Marekani kulea watoto wa wazungu. Chai ilimpoa mkononi. Nilifurahi sana.

Hao Wabaski ni Wapare waliopotea njia, andika hivyo kwa profesa wako. Watu wa milimani, wabishi, wachapakazi, hawaachi lugha yao. Unachosema ni kweli tupu. Hapa kwetu nani angeishi bila msaragambo? Ndiva yetu ilichimbwa na mababu kwa majembe ya mkono, ukuta wa mawe na udongo, ili maji yalale usiku na asubuhi yashuke kwenye mifereji. Hakuna serikali iliyotusaidia. Baragumu likilia, kila nyumba inatoa mtu. Asiyetoka hana zamu ya maji. Baragumu lenyewe, unajua, alilipuliza babu yangu, akalipuliza baba, na sasa ninalipuliza mimi, ingawa pumzi imepungua na sijui nani atalipokea, maana kaka yako yuko Dar anauza vioo vya simu.

Na Wairaki wako ninao mmoja hapa. Mwaka jana alihamia mtu anaitwa Swalehe, na mkewe Salha. Walikuwa wakivua na kuuza samaki kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, samaki wakaadimika, wakaja wakanunua kile kishamba cha marehemu Loth. Mtu mpole, anasalimia vizuri. Mara ya kwanza alipotokea kwenye msaragambo na jembe lake tulimwambia, "Wewe mgeni, pumzika." Ndiyo heshima yetu. Tangu siku hiyo hajatokea tena. Sasa amepanda tangawizi shamba zima na anataka maji. Kamati imekaa, nami ndiye mwenyekiti: hana zamu. Nasikia anasema kiangazi kikikaza watauza, washuke Lembeni. Na washuke. Maji hayamfuati aliyelala.

Soma kwa bidii. Usile vyakula vya makopo.

Baba yako

*

Boise
1 Desemba 2024

Kwako Baba,

Shikamoo. Pole na hicho kikohozi, na usinidanganye. Careen amesema kinakuamsha. Kunywa asali na tangawizi kabla hujapanda ndivani. Theluji imefika magotini na mimi ninatembea kama kuku aliyefungwa miguu.

Nilipeleka sura yangu kwa profesa nikiwa nimevimba kichwa. Aliirudisha na swali moja tu: "Umewauliza Wairaki?" Nilikuwa nimewahesabu, Baba. Sikuwa nimewauliza.

Basi nikaenda. Kwanza nilimwona Mzee Patxi, Mbaski wa miaka tisini na zaidi aliyechunga kondoo ujana wake. Nilimwambia nawasifu kwa umoja wao. Akacheka. Akasema umoja walikuwa nao, ndiyo, lakini kabla ya umoja kulikuwa na kazi. Baba yake alishuka kwenye treni asubuhi bila neno moja la Kiingereza, na jioni alikuwa na mbwa, fimbo na kondoo, kwa sababu kondoo hawaulizi cheti. Ilikuwa kazi ya upweke, wengine wakachonga majina yao kwenye magome ya miti wasije wakayasahau. Watu wa hapa waliwadharau pia. Nimesoma magazeti ya zamani: wachafu, wanatuharibia nchi. Maneno hayohayo wanatupiwa Wairaki leo. Lakini Wabaski walihitajika, na walijua wanahitajika. Waliopanda ni wajukuu.

Halafu nikaenda kwa Bi Widad. Alifundisha kemia Baghdad miaka mingi; hapa anakunja shuka. Cheti chake hakitambuliki, na ili kitambulike arudi darasani miaka ambayo hana. Walipofika walipokelewa vizuri, walipewa blanketi, chakula, nyumba kwa miezi michache. Familia zao zilitawanywa, huyu mtaa huu, yule ng'ambo ya mji. Hata hivyo wana msikiti wao, wana maduka, mjane wa kwao hajalala njaa. Umoja upo, mimi ndiye sikuuona. Nikamuuliza kilichomuuma zaidi ni nini. Nilidhani atasema vita. Alisema: "Kila mtu hapa ni mwema kwangu. Wananiletea vitu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniomba nimsaidie kubeba kitu."

Nilitoka pale nikalia kwenye basi, Baba, na nitakuambia kwa nini. Nilikumbuka barua yako.

Wewe ndiye uliyenifundisha: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Swalehe mlimwambia apumzike siku ya kwanza. Siku ya tatu nani alimpa jembe? Na jambo lingine, usinikasirikie. Msaragambo wetu ni Ijumaa. Najua ni kwa nini: Jumamosi ni ya Wasabato, Jumapili ni yetu na Wakatoliki, na Alhamisi ni gulio. Lakini Ijumaa adhuhuri, Swalehe anatakiwa awe wapi? Mababu walipoipanga siku hiyo hakukuwa na Mwislamu hata mmoja Mkweme. Sasa yupo.

Nimesema kwa heshima zote.

Mwanao,
Asteria

*

Boise
19 Januari 2025

Kwako Baba,

Shikamoo. Krismasi imepita, Mwaka Mpya umepita, na sijapata barua. Careen ananijibu "Baba hajambo" na hasemi zaidi. Nasikia jua limekuwa kali huko na tangawizi za watu zinanyauka.

Kama nimekukosea adabu, nisamehe kwa utovu huo wa adabu. Hilo nililouliza siwezi kulifuta, ungeniona muongo. Nimeifuta sura yangu ya kwanza yote na ninaandika upya. Nakuomba uniandikie, hata mistari miwili ya kunigombeza.

Mwanao,
Asteria

*

Kitongoji cha Mkweme
9 Februari 2025

Mwanangu Asteria,

Marahaba. Mama yako mzima, mimi mzima. Nilikasirika. Unataka nikufiche? Nilimwambia mama yako: nimeuza ng'ombe kumsomesha mtoto, na sasa ananifundisha ndiva. Mama yako akasema, "Si ndicho ulichomlipia?" Nikatoka nje nikapasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Wapare tunasemwa tunauza ng'ombe kwa kesi ya kuku. Mimi kesi hii niliibeba Desemba nzima na sehemu ya Januari, naigeuza, natafuta pa kukushinda. Nikajiambia nitakwenda kwa Swalehe mwenyewe, aniambie kwa mdomo wake kwamba ni mvivu, nami nikuandikie.

Nilikwenda. Salha alinikaribisha chai na samaki mkavu. Shamba lao nililiona nikipita: majani yameanza kujikunja, ya juu yamekuwa njano. Watoto walikuwa wanateka maji kwa ndoo mtoni na kumwagia shina kwa shina. Mlangoni nikaona jembe limeegemezwa. Mpini mpya, Asteria, haujanywa jasho hata tone.

Nikamuuliza, "Swalehe, kwa nini huji kwenye kazi?"

Akasema, "Mzee, siku ile mliniambia nipumzike. Nikasubiri mniite. Baragumu likilia nachukua jembe, nasimama hapa mlangoni. Watu wanapita, wananisalimia, hakuna anayesema twende. Nikajua kazi hii ina wenyewe."

Nikasema, "Na Ijumaa, ungekuja?"

Akasema, "Ningeomba ruhusa kidogo ya kuswali, nirudi. Lakini mtu ataombaje ruhusa kwenye kazi ambayo hajaitwa?"

Chai yake nilimaliza kwa sababu ya adabu tu. Sikuusikia utamu wake. Kesho yake asubuhi zamu ya maji ilikuwa yangu. Nilifungua mfereji, nikayaelekeza maji kwake. Maharage yangu yameungua kidogo upande wa chini. Mama yako amesema tutakula yale ya upande wa juu.

Halafu niliitisha mkutano. Wapare hatuna kesi fupi. Tulianza jua halijatoka kwenye vilima, tukamaliza mbuzi wanarudi. Zephania alisimama: "Siku ya msaragambo ni ya mababu, haiguswi." Nikamjibu mababu walikuwa watu wenye akili, walipanga siku ambayo kila nyumba ingeweza kutoka, na tukitaka kuwaheshimu tupange kama wao. Akasema Alhamisi ni gulio. Nikasema gulio litatusubiri mchana, wateja wa vitunguu hawana haraka. Akauliza haya mawazo nimeyatoa wapi. Nikavuta pumzi, nikasema nimeyatoa chuo kikuu cha Marekani, kwa binti yangu, na nikasoma barua yako yote, hata pale ulipolia kwenye basi.

Asteria wangu, sijawahi kujivuna vile tangu nizaliwe. Zephania mwenyewe ndiye aliyesema, "Basi Alhamisi."

Mimi sisemi nilikosea. Nasema siku ilikuwa mbaya. Wewe andika unavyotaka kwenye kitabu chako.

Alhamisi ya kwanza nitakwenda mwenyewe mlangoni kwa Swalehe kumwita. Tangawizi yake nyingine imekufa, ila iliyobaki imesimama.

Baba yako

*

Boise
24 Machi 2025

Kwako Baba,

Shikamoo, shikamoo tena. Kifua vipi? Careen ameandika kwamba sasa ukipuliza baragumu inabidi uketi kwanza. Nenda hospitali Same, usinijibu kwamba utakwenda.

Ijumaa iliyopita niliutetea utafiti wangu mbele ya maprofesa, na nimefaulu. Nimeandika kwamba huwezi kulinganisha wajukuu wa Wabaski na Wairaki walioshuka kwenye ndege juzi, ukawapa hawa sifa na wale lawama. Kwamba Wabaski waliitwa kazini kabla hawajapendwa, na Wairaki wamehurumiwa kabla hawajaitwa. Mmoja wa maprofesa aliuliza nimelitoa wapi neno hilo "kuitwa". Nikawaeleza ndiva, baragumu na jembe lililosimama mlangoni. Niliwaambia mwenyekiti anaitwa Aminieli na ni baba yangu. Nililisema jina lako lote, na la babu.

Mzee Patxi alikuja kusikiliza, na Bi Widad pia, na niliwaketisha pamoja. Jana kituo cha Wabaski kilikuwa kinaandaa karamu ya wazee. Nilimpigia Bi Widad simu nikamwambia mikono haitoshi, aje tumenye viazi. Alikuja kabla yangu, na kisu chake mwenyewe.

Nitakuwa nyumbani Agosti. Niandalieni makande.

Mwanao,
Asteria

*

Kitongoji cha Mkweme
Alhamisi, 10 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba. Nakuandikia haraka, nimeketi kitandani na kiatu kimoja mguuni. Hospitali nimekwenda. Daktari amesema mapafu yamezeeka, dawa nimepewa, majembe mepesi naruhusiwa, baragumu hapana. Usilie kwenye basi.

Kamati ilikaa juu ya nani alipokee. Walitegemea nitasema wasubiri kaka yako arudi. Nikasema baragumu haliwezi kusubiri mtu anayeuza vioo vya simu. Nikalitaja jina nililotaka. Zephania akaguna, akasema, "Huyo ana mapafu ya bwawani, mpeni." Nilimkabidhi jana mbele ya mama yako. Alilipokea kwa mikono miwili, Salha akageuka ukutani akifuta macho.

Sasa hivi limelia. Mvua za masika zimejaza tope ndivani na kazi ni kubwa. Mwanangu, nimelipuliza baragumu hili zaidi ya nusu ya maisha yangu na sikuwahi kulisikia kutoka ndani ya nyumba. Linapita juu ya migomba, linaingia mlangoni, linakutafuta wewe. Nilisimama kabla sijajua nimesimama.

Amepita njiani, ameita, "Mzee Aminieli, twende kazini." Ni Swalehe. Leo mimi ndiye niliyeitwa. Barua ikomee hapa, naenda.

Baba yako